Mtoto mwenye kisukari hatibiwi kwa njaa

Kidichi ninayoizungumzia leo si ile ya Mbagala, Dar es Salaam. Ni Kidichi ya Unguja, kijiji cha mashamba ya viungo kilicho juu ya Bububu, ambako Sayyid Said bin Sultan alijenga hamamu mnamo mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Wageni huenda kuyaangalia mabafu hayo, kisha wakaonjeshwa iliki na mdalasini. Mimi nina jamaa zangu huko, na kila nikirudi mjini hurudi nimebeba muhogo, ndizi, shelisheli, na msimu ukifika boribo na shokishoki. Natanguliza haya ili ieleweke kwamba kisa ninachotaka kukisimulia hakikutokea penye ukame wala penye vita. Kimetokea penye chakula.

Binti wa marehemu mjomba wangu ana mtoto wa kiume wa miaka 9. Mwaka jana mtoto huyo alianza kunywa maji kupita kiasi na kukojoa kitandani, jambo ambalo alikwisha kuliacha tangu ana miaka mitatu. Nyumbani wakasema ni utoto, wengine wakasema amepatwa na jicho. Baada ya wiki chache akaanza kutapika, kulalamika tumbo na kuhema kwa nguvu kama aliyekimbia. Alipokimbizwa hospitali na kutobolewa kidole, ikaonekana kuwa ni kisukari. Alhamdulillahi aliokolewa. Akarudi nyumbani na chupa za insulini, mabomba ya sindano, na maneno machache yaliyosemwa kwa haraka: apunguziwe sukari na wanga.

Hapo ndipo mkaza mjomba wangu, bibi yake mtoto, aliposhika usukani. Yeye mwenyewe anaishi na kisukari kwa miaka mingi, anatumia vidonge, na wote pale nyumbani walimuona kuwa ndiye mjuzi wa maradhi hayo. Alichoambiwa yeye akamhamishia mjukuu: wali marufuku, muhogo marufuku, matunda marufuku, maziwa marufuku. Mtoto akawa analishwa mchicha, matembele na kipande cha ugali kisichozidi ukubwa wa limau.

Nami sina budi kukiri kosa langu. Nilikwenda kuwatembelea mwezi wa nne baada ya mtoto kutoka hospitali. Nikatengewa wali wa nazi na mchuzi wa changu, na mtoto akatengewa sahani yake ya mchicha. Alikuwa akiitazama sahani yangu, kisha anainamisha kichwa. Nikasema, “Mashaallah, mtoto huyu ana subira ya watu wazima.” Nilirudi mjini nikamsifia barazani. Kumbe ile niliyoiita subira ilikuwa ni njaa.

Miezi miwili baadaye mama yake alinipigia simu analia. Mtoto alikuwa ameanguka skuli. Siku mbili kabla alikuwa amechapwa kwa kukutwa nyumba ya jirani anakula ukoko wa wali chunguni. Nilipofika nilimkuta mbavu zinahesabika. Alikuwa na kilo 18, wakati mtoto wa kiume wa miaka 9 mwenye afya ya kawaida huwa na uzito wa kilo 28 hivi. Nikamuuliza mama yake kama anampiga sindano. Akanijibu kwa sauti ya chini, “Kaka, nikimpiga yote anatetemeka, anatoka jasho, macho yanampotea. Naogopa atanifia mikononi. Basi nampiga nusu, siku nyingine simpigi kabisa.”

Katika maneno hayo machache ndimo ulimo ugonjwa wote wa nyumba ile, na nina hofu kuwa ndio ugonjwa wa nyumba nyingi. Naomba tuutazame hatua kwa hatua.

Bibi na mjukuu hawaumwi maradhi mamoja

Kisukari ni jina moja, lakini maradhi yake ni zaidi ya moja. Aina ya kwanza ndiyo inayowapata zaidi watoto. Katika aina hii kinga ya mwili yenyewe huzishambulia chembechembe za kongosho zinazotengeneza insulini, mpaka insulini ikatoweka. Haisababishwi na mtoto kupenda peremende wala na mama kumpa chai tamu. Aina ya pili ndiyo ya wengi wa wazee wetu. Kwao insulini ipo, ila mwili hauitii vizuri, na mara nyingi uzito mkubwa na kukaa bila kazi za viungo huchangia. Mzee wa aina hii akiambiwa apunguze kula ili apungue uzito, ameshauriwa vyema. Mtoto wa aina ya kwanza akipewa ushauri huo huo, ameharibiwa.

Kwa nini? Insulini ni kama mlinzi wa mlango. Chakula cha wanga kikishageuka sukari katika damu, insulini ndiyo inayoufungua mlango sukari iingie mwilini ikatumike kuwa nguvu. Isipokuwepo, sukari hujaa katika damu na kumwagwa kwa mkojo, na mwili hubaki na njaa huku umezungukwa na chakula. Basi mwili huanza kujila: unayeyusha mafuta yake, kisha nyama yake. Ndiyo maana mtoto wa kisukari asiyepata insulini hukonda hata akila sana. Mafuta hayo yakiyeyushwa kwa wingi huifanya damu kuwa na asidi, na hapo huja kutapika, kuhema kwa nguvu na pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva mno. Hali hiyo huua kwa muda mfupi.

Sasa tazama mzunguko uliokuwa Kidichi. Bibi alipunguza chakula. Mama akapiga sindano ya kiwango alichoandikiwa mtoto anayekula vya kutosha. Sukari ikashuka mno, mtoto akatetemeka. Mama akaogopa, akapunguza sindano. Sukari ikapanda, ikamwagwa kwa mkojo, mtoto akakonda. Bibi akiona sukari imepanda anasema mtoto anakula kwa kuiba, na chakula kinapunguzwa tena. Kila mtu katika nyumba ile alikuwa akimpenda mtoto yule, na kila mmoja kwa mapenzi yake alikuwa akimsukuma shimoni.

Tiba ya njaa ni ya kabla ya mwaka 1922

Msomaji anaweza kudhani kuwa kumnyima chakula mtoto wa kisukari ni ujinga wa mashamba. Sivyo. Zamani hii ilikuwa ndiyo tiba ya mahospitali makubwa ya Marekani. Kabla insulini haijagunduliwa, daktari maarufu Frederick Allen aliwaweka wagonjwa wake katika chakula kidogo sana, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kuizuia sukari. Watoto walirefushiwa maisha kwa miezi au miaka michache, lakini walibaki mifupa na ngozi, na baadhi yao walikufa kwa njaa yenyewe.

Mwaka 1921, mjini Toronto, Canada, Frederick Banting na Charles Best walipata insulini, na Januari 1922 ikadungwa kwa kijana wa miaka 14 aliyeitwa Leonard Thompson, ambaye alikuwa amebaki na kilo 29 hivi. Agosti mwaka huo huo akapelekwa Toronto binti aitwaye Elizabeth Hughes, ambaye baba yake alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani. Alikuwa karibu kutimiza miaka 15, na kwa miaka mitatu alikuwa amewekwa katika chakula kile cha njaa. Uzito wake ulikuwa kilo 20 tu. Akapewa insulini, akapewa chakula, akanenepa, akasoma, akaolewa, akazaa. Alifariki mwaka 1981, akiwa na miaka 73.

Nilipoisoma habari ya binti yule mwenye kilo 20 nilimkumbuka mtoto wetu wa Kidichi mwenye kilo 18. Mmoja alikuwa na njaa kwa kuwa insulini haijapatikana duniani. Wa pili alikuwa na njaa, na insulini ipo ndani.

Mtoto ale nini, na kiasi gani?

Tulimleta mjini katika kliniki ya kisukari. Muuguzi mmoja mtu mzima hakuanza na mashine. Alimwambia mama, “Mwanangu, nieleze alichokula jana, tangu alfajiri mpaka alipolala.” Mama alipomaliza kueleza, muuguzi akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Huyu anaumwa njaa kuliko anavyoumwa sukari.” Daktari akapanga upya kiwango cha sindano, na muuguzi akapanga sahani. Aliyotufundisha ndiyo wanayoyafundisha wataalamu wa kisukari cha watoto duniani, nami nayafupisha.

Kwanza, mtoto mwenye kisukari anahitaji chakula kingi sawa na mtoto mwenzake wa umri wake. Kipimo cha kukisia kinachotumika ni kalori 1,000 kwa siku, ukiongeza 100 kwa kila mwaka wa umri. Wa miaka 9 basi anahitaji kama kalori 1,900. Aliyekwisha kukonda huhitaji zaidi, mpaka arudishe alichopoteza. Kiasi cha nusu ya nguvu hiyo inatakiwa itokane na wanga. Kwa hiyo wali, ugali, muhogo na ndizi si haramu kwake. Kinachotakiwa ni kipimo na saa.

Pili, kipimo. Bibi yetu sasa anapima wali kwa kikombe kile kile kila siku. Muhogo wa kuchemsha una wanga karibu mara mbili ya viazi vitamu vya uzito huo huo, hivyo kipande chake kiwe kidogo zaidi. Mkate wa unga usiokobolewa, dona, kunde, choroko na maharage hupandisha sukari polepole kuliko boflo nyeupe. Embe na chungwa zima huliwa kwa kiasi pamoja na chakula. Sharubati na soda huachwa, isipokuwa sukari ikishuka.

Tatu, saa. Kwa mtoto anayepigwa sindano mara mbili kwa siku, kama ilivyo kwa watoto wetu wengi, milo mitatu na vitafunio kati yake ni sehemu ya dawa. Cha saa nne asubuhi skuli na cha kabla ya kulala havirukwi. Sindano ikipigwa, chakula kiwe kimekwisha kuiva.

Nne, vyakula vya kuujenga mwili. Mtoto aliyekonda hajengwi na mchicha peke yake. Dagaa, samaki, mayai, maziwa, kunde na karanga vinapatikana Unguja nzima, na vingi si ghali. Tui la nazi ambalo mzee mnene huambiwa alipunguze, kwa mtoto aliyekonda linasaidia kurudisha uzito.

Tano, sukari ikishuka. Dalili zake ni kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, hasira isiyo na sababu na kuchanganyikiwa. Mashine ikisoma chini ya 3.9, au ikiwa mashine haipo na dalili zipo, usingoje. Mpe sukari iliyokorogwa katika maji. Kwa mtoto wa kilo 30, gramu 9 zinatosha, yaani vijiko vya chai viwili na ushei, kila kijiko cha kufuta kikiwa na gramu 4 hivi. Ngoja dakika 10 hadi 15, upime tena, na bado ikiwa chini urudie. Kisha ale kitu cha wanga. Akizimia, usimmiminie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Mama aliyeyajua haya haogopi tena sindano, na sindano isipoogopwa mtoto hakondi.

Sita, mizani. Mashine ya sukari inaonyesha habari za saa hii. Mizani na kipimo cha urefu vinaonyesha habari za mwaka. Kila anapokwenda kliniki, mzazi aombe mtoto apimwe uzito na urefu, viandikwe katika daftari. Mtoto ambaye sukari yake ni nzuri lakini harefuki wala haongezeki, hajatibiwa bado.

Na walio wadogo zaidi?

Kwa watoto wa chini ya miaka mitano hatari ni kubwa zaidi, maana utapiamlo tayari upo majumbani mwetu. Takwimu za taifa za mwaka 2022 zilionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 wa umri huo nchini Tanzania wamedumaa. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzunguko wa mkono wake wa juu haufiki sentimita 11.5, au aliyevimba miguu yote miwili, ana utapiamlo mkali na ni mgonjwa wa hospitali hata kama anacheza. Mtoto wa namna hiyo sukari yake hushuka upesi kwa kuwa mwili hauna akiba, ndiyo maana wodini hulishwa kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Akiwa na kisukari pia, insulini hupewa kwa hadhari kubwa na kwa kipimo cha daktari. Hapa hapana nafasi ya kubahatisha nyumbani, si kwa sindano wala kwa chakula.

Lipo pia jambo ambalo wanasayansi wamelibishania kwa miaka 70, nalo ni kama utapiamlo wenyewe unaweza kuleta kisukari cha aina yake. Kisukari cha watu wakondefu kilielezwa Jamaica mwaka 1955. Shirika la Afya Duniani likakiorodhesha mwaka 1985, kisha likakiondoa katika orodha mwaka 1999. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 kutoka vijiji vya Tanzania ulikuta kisukari ni kichache ijapokuwa lishe duni ilikuwa imeenea. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likakirudisha kwa jina la aina ya tano. Mjadala haujafungwa, lakini kwa mzazi fundisho ni moja: wembamba haumkingi mtu na kisukari. Mtoto mkondefu mwenye kiu isiyokatika apimwe.

Asali, habasoda na Ramadhani

Ndugu zangu Waislamu, hapa naomba tusikilizane bila kukasirikiana. Wapo waliomletea mama yule asali, wakamwambia kwamba asali si sukari kwa kuwa ina shifaa. Shifaa yake hatuipingi, lakini kijiko cha asali hupandisha sukari ya damu kama kijiko cha sukari, na tende ni vivyo hivyo. Vihesabiwe katika kipimo. Wengine walileta habasoda na mizizi, na sharti lao likawa sindano isimame. Anayetaka kumpa mgonjwa habasoda katika chakula ni shauri lake na daktari wake. Lakini kuisimamisha insulini ya mtoto wa aina ya kwanza ni kumuua, nasema bila kuficha. Tumeamrishwa kutafuta dawa, na dawa hii Allah ameijaalia ipatikane. Kupitia mpango uitwao Changing Diabetes in Children, watoto wengi wa Tanzania wamepata insulini bila malipo katika kliniki zao. Mzazi aulize kliniki iliyo karibu naye.

Ama Ramadhani, mtoto wetu alitaka kufunga kama wenziwe, na bibi akaona ni fakhari. Asiyebaleghe hajawajibikiwa na saumu, na mgonjwa ameruhusiwa kula na Mola wake katika Suratul Baqara. Kwa mtoto wa kisukari cha aina ya kwanza, saumu inaweza kumshusha sukari mchana akazimia. Kijana aliyebaleghe azungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuandama, si baada ya kuanguka. Maimamu wetu wakilisema hili mimbarini katika mwezi wa Shaabani watakuwa wameokoa watu.

Miezi mitano imepita tangu tulipokwenda kliniki. Mtoto ana kilo 22. Bado yuko nyuma ya wenziwe, na zipo siku sukari yake inapanda bila kujulikana sababu. Lakini mama yake anapiga sindano kamili, na skuli mwalimu wake ameweka sukari katika karatasi kwenye dawati. Nilipokwenda safari iliyopita tulitengewa chakula kwenye mkeka mmoja. Mkaza mjomba wangu alipima wali wa mjukuu kwa kikombe chake, akaongeza kunde na kipande cha samaki, akaniambia bila kunitazama, “Mimi, mwanangu, nilidhani namlinda.” Nikamwambia kuwa nami nilidhani ana subira. Mtoto hakutusikiliza. Alikuwa anakula.